Geiko Yuko Kazini



Nimeombwa nizungumze juu ya safari, nami nimechagua jambo moja tu ambalo msafiri hukutana nalo katika jiji la Kyoto, Japani. Upande wa mashariki wa jiji hilo uko mtaa uitwao Gion. Njia yake mashuhuri ni Hanamikoji: nyumba za mbao za ghorofa mbili, milango ya fito nyembamba, taa zinazoning'inia vizingitini, na pale inapokutana na barabara kubwa ya Shijo, nyumba ya chai yenye kuta nyekundu iitwayo Ichiriki. Jina la nyumba hiyo limo katika hadithi ya wale samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni, wageni hujipanga pande zote mbili za njia, simu mkononi, wakimngoja geiko atoke.

Mlango husukumwa. Anatoka binti aliyepakwa uso rangi nyeupe, amevaa kimono cha hariri, anakwenda kwa hatua fupi za haraka. Hapo njia nzima huchafuka. Wapo wanaomkimbilia, wapo wanaorudi kinyumenyume mbele yake wakipiga picha, wapo wanaomkamata mkono wa vazi ili asimame. Yamewahi kuripotiwa matukio ya kimono kuchanwa, na hata kipande cha sigara kutumbukizwa ndani ya ukosi. Mwaka 2019 wakazi wa Gion waliweka mabango kwenye vichochoro vyao vya binafsi kupiga marufuku picha zisizo na idhini, na faini wakaitaja: yen 10,000. Mwaka 2024 uvumilivu ulikwisha, wakaanza kuwazuia watalii wasiingie kabisa katika baadhi ya vichochoro hivyo.

Sisi tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili wa kamera. Mwanamke wa Mji Mkongwe anayekwenda sokoni na buibui lake, au mzee aliyeketi barazani Lamu akicheza bao, anajua maana ya kugeuzwa mandhari na mtu asiyemsalimia. Sina haja ya kulirefusha hilo mbele yenu.

Nitakalolitetea jioni hii ni hili: yule binti wa Hanamikoji yuko kazini. Amepangiwa saa, kuna watu wanamngoja chumbani, na kinachomfanya awe msanii hakionekani barabarani hata kidogo. Anayemwinda njiani huondoka na picha ya nguo. Anayekubali kuketi mahali ambapo yeye mwenyewe amejitayarisha kuonekana, huyo ndiye aliyekutana naye.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Duniani kote wanajulikana kama geisha. Kyoto wenyewe husema geiko kwa msanii aliyekwisha kuhitimu, na maiko kwa mwanafunzi. Wasanii wa kwanza wa kazi hii walikuwa wanaume: wachekeshaji, wapiga ngoma na wasimuliaji walioitwa kwenye karamu ili kuzichangamsha. Wanawake waliingia katikati ya karne ya 18, na haikuchukua muda wakawa wengi kuliko wanaume. Hata hivyo wanaume hawakutoweka; katika mtaa wa Asakusa, Tokyo, wamebaki wachache sana wanaoendelea na kazi hiyo ya kale.

Zamani hizo serikali ya Japani ilikuwa na mitaa iliyopewa leseni ya ukahaba, na geisha walifanya kazi ndani ya mitaa hiyo na nje yake. Lakini walitenganishwa na makahaba kwa amri, kwa vazi na kwa chama chao. Kahaba wa daraja la juu alifunga mshipi wa kimono kwa mbele, geisha alifunga kwa nyuma. Geisha aliitwa kuimba, kupiga shamisen, yaani ala ya nyuzi tatu, kucheza na kuendesha mazungumzo. Siwezi kuwaambia kwamba mpaka huo haukuvukwa kamwe. Umaskini uliwaingiza wasichana wengi katika nyumba hizo bila hiari yao, na wafadhili matajiri walikuwa na nguvu kubwa juu ya maisha ya mwanamke waliyemgharimia. Sheria ya kuzuia ukahaba ilipoanza kutumika kikamilifu mwaka 1958, mitaa ya leseni ilifungwa. Mitaa ya geisha iliendelea, kwa kuwa bidhaa yake ilikuwa nyingine.

Kwa nini basi mpaka leo ukitaja geisha katika kundi la watu wazima wapo wanaotabasamu kwa namna fulani? Chanzo chake ni simulizi zilizotungwa mbali. Mwaka 1904 jijini Milan ilioneshwa kwa mara ya kwanza opera ya Puccini iitwayo Madama Butterfly, kisa cha binti wa Nagasaki anayeolewa na baharia wa Kimarekani, akaachwa, akajiua. Ulaya ikashika picha hiyo ya mwanamke laini anayengoja. Mwaka 1997 ikaja riwaya ya Mmarekani Arthur Golden, Memoirs of a Geisha, iliyouzwa kwa mamilioni, na mwaka 2005 ikawa filamu iliyochezwa kwa Kiingereza, mhusika wake mkuu akiwa mwigizaji kutoka China. Mineko Iwasaki, aliyekuwa geiko mashuhuri wa Gion na aliyezungumza na mwandishi huyo wakati wa utafiti wake, alimshtaki mwaka 2001. Alisema aliahidiwa jina lake halitatajwa, na kwamba riwaya ilichanganya maisha ya geiko na biashara ya mwili. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2003. Kabla ya hapo, mwaka 2002, alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake mwenyewe. Nawashauri wanafunzi wangu waanze na hicho.

Nasi huku tuna sehemu yetu ndogo katika historia hii. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walifika Unguja wanawake wa Kijapani, kama walivyofika Singapore na bandari nyingine nyingi. Kwao waliitwa karayuki-san. Wengi wa wanawake hao walitoka Amakusa na Shimabara, sehemu maskini za kusini magharibi mwa Japani. Walisafirishwa na madalali na kutumikishwa katika nyumba za ukahaba za bandarini. Hao hawakuwa geisha, na hawakuwahi kufundishwa sanaa hiyo. Nawataja kwa heshima, kwa sababu kuwachanganya na geiko ni kuwadhulumu wote wawili: mmoja anapokonywa kazi yake, mwingine anapambiwa mateso yake kwa hariri.

Na kuna geisha aliyevuka bahari kwa sababu tofauti kabisa. Sadayakko, aliyezaliwa mwaka 1871 na kulelewa katika nyumba ya geisha ya Tokyo, alisafiri na kundi la maigizo la mumewe, Kawakami Otojiro, kwenda Marekani mwaka 1899. Mwaka uliofuata alikuwa London, kisha Paris, kwenye Maonyesho ya Dunia, na watu walipanga foleni kumwona. Picasso, akiwa bado kijana, alimchora. Aliporudi kwao alifungua chuo cha kuwafundisha wanawake uigizaji, mwaka 1908, katika nchi ambayo kwa zaidi ya miaka mia mbili wanawake walikuwa wamezuiwa kupanda jukwaani. Mafunzo ya nyumba ya geisha ndiyo yaliyomfikisha huko.

Mafunzo hayo yakoje leo? Msichana huanza baada ya kumaliza shule ya miaka tisa ya lazima, yaani akiwa na miaka 15 hivi. Anahamia katika nyumba ya malezi, okiya, ambayo mkuu wake ni mwanamke anayeitwa mama na wakazi wote. Miezi ya mwanzo hana vazi la kuvutia: anafagia, anatumwa dukani, anajifunza kusalimu kwa lafudhi ya Kyoto, anakesha akimsubiri dada yake mkubwa wa kazi, yaani geiko anayemwongoza, arudi usiku. Halafu anapewa wiki chache za kuketi pembeni kwenye karamu na kutazama. Ndipo anapotolewa rasmi kwa jina jipya, ambalo kwa kawaida lina kipande cha jina la dada yake. Akikosea adabu mbele ya mgeni, dada ndiye anayekwenda kuomba radhi.

Gion Kobu, sehemu kubwa zaidi kati ya mitaa mitano ya geiko iliyopo Kyoto, ina shule yake, Yasaka Nyokoba. Humo maiko wa miaka 16 na geiko mwenye umri wa bibi yake ni wanafunzi wa shule moja. Masomo ni dansi, shamisen, ngoma, filimbi, kuimba, utaratibu wa chai. Hakuna siku mtu anapewa cheti akaambiwa amemaliza. Dansi yenyewe ni ya nyumba ya Inoue, ambayo kiongozi wake hurithi jina la Yachiyo. Wa sasa ni wa tano, na mwaka 2015 serikali ya Japani ilimtambua kuwa hazina hai ya taifa.

Sasa nataka tumtazame maiko mmoja taratibu, kama tunavyoweza kumtazama akiwa ameketi ukumbini wala hakimbizwi. Tuanze na kichwa. Zile ni nywele zake mwenyewe. Zimetengenezwa na msusi kwa nta na vitana, na zitakaa hivyo kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima, ndiyo maana hulala shingo ikiwa juu ya mto mdogo mrefu na mgumu ili zisivurugike. Geiko aliyehitimu huvaa wigi, na wengi husema hiyo ndiyo zawadi ya kwanza ya kuhitimu: kulala kama watu wengine. Kwenye nywele za maiko kuna pambo la maua ya hariri, na pambo hilo hubadilika kila mwezi. Februari ni maua ya mplamu, Aprili ni ya mcheri, Juni ni majani ya mierebi, Julai ni vipepeo vya kujipepea, Novemba ni majani mekundu ya majira ya kupukutika. Desemba huongezwa vibao viwili vidogo vyeupe. Maiko huvipeleka kwa waigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, wanaokuja katika ukumbi wa Minamiza, kila mmoja akampelekea yule anayempenda, ili atie sahihi kwa wino. Mwenyeji akitupa jicho mara moja tu anajua ni mwezi gani, na anajua binti huyu anamshabikia nani.

Shuka usoni. Midomo ya maiko wa mwaka wa kwanza hupakwa rangi nyekundu chini tu, juu huachwa. Geuka kisogoni, kwa sababu Wajapani huona uzuri mkubwa hapo: rangi nyeupe imeishia kwa ncha mbili, na ngozi halisi imeachwa kati yake. Ukosi ni mwekundu uliodariziwa. Kadiri miaka inavyokwenda nyuzi nyeupe huongezeka mpaka siku ya kuhitimu, karibu na miaka 20 au 21, ambapo ukosi hubadilishwa kuwa mweupe mtupu. Mshipi wa mgongoni una urefu wa zaidi ya mita 5 na unaning'inia hadi karibu na visigino. Huwezi kuufunga peke yako. Kuna wanaume ambao kazi yao ni hiyo tu, kwenda nyumba kwa nyumba alasiri kuwavika, na mara nyingi mtoto humrithi baba. Chini kabisa ya mshipi imefumwa nembo ya nyumba anayotoka. Wazee husema ilikuwa hivyo ili mtoto akipotea njia usiku, apitaye ajue pa kumrudisha. Miguuni ni viatu vya mti vya kimo cha sentimita 10 hivi, vilivyochongwa mteremko kwa mbele, na ndivyo vinavyomfanya apige zile hatua ndogo.

Mkishayajua haya, mtamtambua pia yule ambaye siye. Kyoto imejaa maduka yanayowavika watalii mavazi ya maiko kwa saa mbili, na si vibaya hata kidogo kuvaa ili kufurahi. Lakini yule anayezurura hekaluni saa sita mchana, akisimama kila kona kupigwa picha na wigi kichwani, ni mgeni mwenzako. Maiko halisi hana muda huo.

Gharama ya yote hayo hubebwa na okiya: chakula, masomo, mavazi ambayo kimono kimoja tu kinaweza kuwa na thamani ya gari. Maiko hapati mshahara. Hupewa pesa ya mfukoni na nyumba hukusanya malipo yake kwa miaka mitano au sita. Akishakuwa geiko na kumaliza deni la malezi, anahama, anapanga nyumba yake na kujitegemea. Wengi huacha kabla ya hapo.

Karamu yenyewe haifanyiki okiya. Hufanyika katika nyumba ya chai, ochaya, na hapa ndipo mgeni kutoka mbali anapogonga ukuta. Nyumba za zamani hazimpokei mtu asiyeletwa na mteja wao. Wasafiri wengi hukasirika wakisikia hivyo, wakadhani ni ubaguzi. Mimi naona sababu zake ni za kueleweka. Kwa desturi mgeni halipi usiku ule. Mama wa nyumba humwagizia chakula kutoka kwa mpishi wa mtaani, huwaita geiko anaoona watafaa, humwitia teksi, hata zawadi za kupeleka kwa mkewe humnunulia, kisha hutuma ankara baadaye. Zamani muda wa geiko ulipimwa kwa vijiti vya ubani: kijiti kikiisha, hesabu imeongezeka moja. Anayekukopesha kiasi hicho lazima ajue wewe ni nani, na yule aliyekuleta ndiye mdhamini wako. Usipolipa, analipa yeye. Tena mama huyo huwaita ndani mabinti wadogo ambao wazazi wao wamewakabidhi kwa okiya. Ningekuwa na binti pale, ningetaka mlango uwe mgumu kufunguka.

Milango iliyo wazi ipo, na ni mingi kuliko watu wanavyofikiri. Nitaanza na ule ninaoupenda kuliko yote.

Mwaka 1869 mfalme wa Japani alihamia Tokyo, na Kyoto, iliyokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka elfu moja, ikaachwa kama nyumba iliyofiwa. Wakuu wa jiji waliandaa maonyesho ya biashara ili kuinua uchumi, na mwaka 1872 wakawaomba geiko wa Gion wasaidie kuvuta watu. Hadi siku ile walikuwa wakicheza chumbani mbele ya watu wachache. Mwalimu wao, Inoue Yachiyo wa tatu, alibuni dansi ya kundi kubwa jukwaani, ya wazi kwa kila mwenye tiketi. Ndiyo Miyako Odori, na imekuwa ikichezwa kila Aprili tangu hapo, isipokuwa katika vipindi vya dhiki kama vita na korona. Ukumbi wake wa mbao, Gion Kobu Kaburenjo, uliojengwa mwaka 1913, ulifungwa miaka kadhaa ukiimarishwa dhidi ya matetemeko, ukafunguliwa tena mwaka 2023.

Mambo huanza hivi. Taa zinafifia. Sauti ya mwanamke inaita kutoka nyuma ya pazia, ndefu, na wachezaji wanaitika kwa pamoja wakiwa bado hawaonekani. Kisha wanaingia kwa safu mbili, kupitia njia za ubao zilizopita kushoto na kulia kwa watazamaji, karibu nawe kiasi cha kusikia hariri ikisuguana. Mavazi yao ni ya buluu, wameshika vipepeo vyenye maua ya mcheri na majani ya mierebi. Kulia wameketi waimbaji na wapiga shamisen, geiko wa makamo na wazee waliovaa nyeusi. Kushoto ngoma, filimbi na upatu mdogo. Nyuma ya jukwaa ni milango ya rangi ya fedha. Kwa muda wa saa moja pazia halifungwi. Mandhari yanabadilika mbele ya macho yako, majira yanapita, kiangazi, majani mekundu, theluji, mpaka mwisho jukwaa zima linafunikwa na maua ya mcheri.

Mtindo wa Inoue ni mkavu. Uso hautabasamu, kiuno kiko chini, mkono unapanda taratibu kisha unasimama pale pale, na kisimamo hicho ndicho kinachokufanya usahau kupumua. Ukitoka pale huwezi tena kumwona geiko kama pambo. Unajua goti lile limefundishwa miaka mingapi ili lishuke bila kutetemeka. Kwa tiketi ya bei ya juu kidogo, kabla ya onyesho unapewa chai ya unga iliyotayarishwa na geiko mbele yako, na andazi tamu juu ya kisahani ambacho unaruhusiwa kuondoka nacho.

Mitaa mingine minne ina dansi zake: Kamogawa Odori ya Pontocho, iliyoanza mwaka huohuo wa 1872 na huchezwa Mei, Kyo Odori ya Miyagawacho na Kitano Odori ya Kamishichiken, zote za majira ya kuchipua, na Gion Odori ya Gion Higashi, Novemba. Kamishichiken ndiyo kongwe kuliko zote na ndiyo tulivu. Tarehe 25 Februari, miplamu ikiwa imechanua katika hekalu la Kitano Tenmangu jirani yake, geiko na maiko wake huwaandalia wageni chai uwanjani. Kiangazi hufungua bustani ya bia, nao huzunguka mezani wakiwa wamevaa kimono chepesi cha pamba. Hapo unaweza kumwuliza swali na akakujibu. Gion Corner, iliyopo tangu mwaka 1962, huonyesha dansi ya maiko pamoja na sanaa nyingine kwa muda usiozidi saa moja, kwa ajili ya wageni hasa. Mkifika mji wa Kanazawa, nyumba ya chai ya Shima, iliyojengwa mwaka 1820, iko wazi kama makumbusho. Na huko Atami, mji wa chemchemi za maji moto, geisha huonyesha dansi zao kwa umma mwisho wa wiki.

Siku hizi pia hoteli na mawakala wa safari huweza kumpatia mgeni nafasi katika karamu ndogo. Gharama ni kubwa, makumi ya maelfu ya yen kwa kila mtu. Kama uwezo upo, nasema nenda, kwa ajili ya kitu kimoja ambacho jukwaa haliwezi kukuonyesha, nacho ni mchezo.

Baada ya chakula na dansi, meza ndogo huwekwa katikati. Juu yake kinawekwa kikalio cha chupa ya sake, pombe ya mchele. Wewe unapiga magoti upande huu, maiko upande ule. Dada mkubwa anaanza kupiga shamisen, wimbo wa mashua zinazokwenda hekalu la Konpira. Kwa mapigo ya wimbo mnapeana zamu kuweka kiganja juu ya kile kikalio. Yeyote anaweza kukinyakua kwa zamu yake. Kikiwapo unaweka kiganja. Kikiwa kimenyakuliwa lazima uweke ngumi juu ya meza tupu. Ni hayo tu. Wimbo unaanza polepole, unaongeza kasi, na mkono wako unaweka kiganja palipo patupu. Umeshindwa, unakunywa kikombe. Mchezo mwingine huchezwa huku mmetengwa na kiwambo: kila mmoja anatokeza akiwa shujaa mwenye mkuki, au simba-marara, au bibi kizee mwenye mkongojo. Shujaa anamshinda mnyama, mnyama anamshinda bibi, na bibi anamshinda shujaa kwa kuwa ni mama yake.

Katika dakika hizo mkurugenzi wa benki anatambaa juu ya mikeka ya tatami akinguruma, na binti wa miaka 18 anamcheka bila kumdharau. Anachekesha walionuna, anamvuta asiyejua lugha, anaona kikombe cha nani kimekauka, anajua ni nani amechoka. Kazi hiyo ni ngumu kuliko dansi, nayo haipigiki picha.

Nisingekuwa mwaminifu kama ningewaachia picha ya asali tupu. Mwaka 2022 mwanamke aliyewahi kuwa maiko alieleza hadharani, kupitia mitandao ya kijamii, kwamba alinyweshwa pombe akiwa chini ya umri na kufanyiwa yasiyofaa na wateja. Maneno yake yalizua mjadala mkubwa nchini humo, kuhusu umri, saa za kazi na ulinzi wa wasichana wanaofanya kazi ya usiku kwa jina la mafunzo. Nina imani kwamba mjadala huo ni haki yao na ni lazima. Anayeipenda sanaa hii kweli hawezi kutaka iendelee kwa gharama ya mtoto wa mtu. Wengi wetu tunaotoka katika jamii zenye unyago na jando tunajua kwamba desturi hurekebishwa na wenyewe wanaoiishi, wakisikilizwa.

Inakadiriwa kwamba miaka ya 1920 Japani ilikuwa na geisha 80,000 hivi. Leo nchi nzima wamebaki kama elfu moja tu, na Kyoto ina mia mbili na ushei ukijumlisha maiko, ambao hawafiki mia. Kila mmoja anayeacha huwapunguzia kazi wafumaji wa mtaa wa Nishijin huko Kyoto, wachora vitambaa, wachonga viatu, wasusi, wavikaji, watengeneza vipepeo na mafundi wa shamisen. Kwa hiyo tiketi unayonunua Aprili huenda mbali kuliko jukwaa.

Kuna kijana ameniuliza kabla hatujaanza: je, nikimkuta njiani kwa bahati, nifanye nini? Simama pembeni mpishe, maana njia ni nyembamba na viatu vyake ni virefu. Usimwite, usimguse, usimfuate. Ukiinamisha kichwa kidogo, huenda naye akainamisha chake, kwa sababu amefundishwa kutompita mtu bila salamu. Kisha mwache awahi. Saa kumi na mbili kamili anatakiwa awe amekwisha kupiga magoti nje ya mlango wa karatasi, viganja juu ya mkeka, tayari kuingia.